Mwaka Nilioikataa Sindano ya Homa

Mimi ni mtu wa kuongea. Kama umewahi kualikwa harusi huku Eldoret, upande wa Pioneer, Munyaka ama hata huko Moiben, na ukaona mwanaume mnene ameshika maiki akiwaambia wakwe wasogee karibu kwa sababu mpiga picha haumi, basi pengine tumeshaonana. Watu huniita MC Karanja. Mke wangu, Nyambura, huniita Baba Ciku nikiwa nimefanya vizuri, na Karanja peke yake nikiwa nimekosea. Mwaka ninaotaka kuwaeleza niliitwa Karanja miezi mingi sana.

Ninaandika kwa sababu nimepona, na kwa sababu kila nikienda kliniki ya sukari ninaona watu wameketi kwenye zile benchi wakiwaza vile nilivyowaza mimi. Mambo ya kisayansi siyawezi. Nitawaambia tu yaliyonipata, halafu kila mtu ataamua mwenyewe.

Nina ugonjwa wa sukari, huu ni mwaka wa tisa. Natumia vidonge, natembea kidogo, na chapati nazila kwa siri. Ndiyo maana Nyambura hunisindikiza kliniki, ili nisimdanganye daktari. Siku hiyo ilikuwa Aprili, mvua zimeanza, na watu wa Moiben walikuwa wameshapanda mahindi. Sista Chebet, muuguzi wa kliniki yetu, alisimama mbele ya zile benchi akasema chanjo ya homa imefika. Akasema wenye sukari, wenye pumu, wenye shida ya moyo, wazee na akina mama wajawazito wasingoje baridi ya Julai iwakute hivyo hivyo.

Kabla hajamaliza, Nyambura alikuwa ameshakunja mkono wa sweta.

"Kwani mgonjwa ni mimi ama ni wewe?" nikamuuliza.

"Mimi ndiye nakaa na wewe nyumba moja," akasema. "Nikiipata nitakuletea. Twende tudungwe, Baba Ciku. Ni dakika moja."

Nikakataa. Nilimpa sababu mbili. Ya kwanza, jirani yetu alidungwa sindano hiyo na wiki hiyo hiyo akaanza kukohoa. Ya pili, homa yangu mimi huwa ni ya siku mbili tu, tangawizi na limau vinaimaliza. Kulikuwa na sababu ya tatu ambayo sikumwambia mtu. Naogopa sindano. Mwanaume wa miaka hamsini na sita, baba wa watoto watatu, nikiona ile ncha inang'aa natafuta mlango. Ilikuwa rahisi zaidi kusema siamini kuliko kusema naogopa.

Nyambura alidungwa peke yake. Alirudi kwenye benchi akishikilia pamba mkononi, akaniangalia, akasema, "Sawa, Karanja."

Jumamosi iliyofuata nilikuwa na harusi pale Pioneer. Ilikuwa harusi kubwa, na hema zilikuwa za rafiki yangu Abdi, ambaye tumefanya kazi pamoja miaka kumi na mbili. Yeye huleta hema na viti kwa lori lake, mimi naleta mdomo. Chakula kilichelewa. MC yeyote atakuambia kwamba chakula kikichelewa, wewe ndiye chakula. Nikatoa hadithi zote nilizokuwa nazo, na zilipoisha nikakumbuka kliniki.

"Juzi kliniki ya sukari wameniambia nikadungwe sindano ya homa," nikasema kwenye maiki. "Nikawaambia, homa ya Eldoret inanijua! Mimi nikipiga chafya, homa ndiyo inaenda kulazwa!"

Watu walicheka mpaka wengine wakapiga meza. Abdi alikuwa ameegemea lori, akacheka mpaka akachuchumaa. Nikaona imeshika, nikaiongezea nyingine mbili za namna hiyo. Nyambura alikuwa ameketi na akina mama wa keki. Yeye peke yake hakucheka. Alikuwa anakunja kitambaa cha meza, anakikunjua, anakikunja tena.

Baridi ya Julai ilifika, ile baridi ya kwetu ambayo inakaa kwenye mifupa hata jua likitoka. Jumatatu moja niliamka nikiwa sawa, nikanywa chai, nikaanza kuandika programu ya harusi. Kufika saa sita mchana sikuweza kushika kalamu. Mwili uliniuma kila mahali kama mtu aliyeanguka kutoka juu ya mti. Nilitetemeka nikiwa chini ya blanketi mbili na koti. Nataka mtu anisikilize hapa: ile tunayoita homa kila siku, ya kamasi na kupiga chafya, na hii iliyonipata, ni ndugu wa mbali sana. Moja inakusumbua, nyingine inakuangusha.

Siku ya kwanza nikasema itapita. Siku ya pili tangawizi ilikataa kukaa tumboni. Siku ya tatu, asubuhi, nilitoka kitandani kwenda chooni, hatua kama kumi na mbili, na nikakaa chini katikati ya njia kwa sababu pumzi ilikuwa imeisha. Nyambura alinikuta hapo. Alimpigia Abdi.

Abdi alikuja na lori la hema kwa sababu ndilo lililokuwa karibu. Lile lori liko juu sana, na mimi sikuweza kupanda hata ngazi ya kwanza. Abdi si mtu mkubwa, lakini alinikumbatia kiunoni, akasema "Bismillahi," akanisukuma ndani kama gunia la viti vya plastiki. Tulipita katikati ya mji na nguzo za hema zikigongana nyuma. Hata katika hali ile nilifikiria kwamba zinapiga kelele kama ngoma. Nilitaka kumwambia Abdi, lakini sikuwa na hewa ya sentensi nzima.

Hospitalini tulikaa kwenye foleni kama watu wengine. Namkumbuka mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni, aliyesogea ili niegemee ukuta. Sijui jina lake mpaka leo, na hilo tendo dogo sijalisahau. Kisha mwanafunzi wa uuguzi akapita akipima watu, akanibana kidole na kile kifaa chenye taa nyekundu cha kupima oksijeni. Alikitazama, akakitoa, akakipangusa, akanibana kidole kingine. Halafu akakimbia.

Watu wa hospitali hawakimbii ovyo. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimeingia mahali pabaya.

Waliniweka mirija ya oksijeni puani, wakanipima sukari ikawa juu kuliko nilivyowahi kuiona, wakanipiga picha ya kifua. Daktari kijana, mpole, alimweleza Nyambura kwamba homa kali ilikuwa imefungua mlango na nimonia ikaingia, na kwa sababu ya sukari mwili wangu haukuwa na nguvu ya kupigana na zote mbili. Akauliza kama nilikuwa nimepata chanjo mwaka huo.

Nyambura akaniangalia. Angeweza kusema mengi. Alisema, "Hapana, daktari. Alikuwa na shughuli."

Ningeona afadhali angenipigia kelele.

Kwa siku nne sikuweza kuongea. Fikirieni hilo. Nikijaribu neno moja, kikohozi kinakuja kunikamata kama askari. Nilijifunza kuinua kidole kimoja kwa maji na viwili kwa choo. Nyambura alikuja kila saa sita na kila jioni, na uji kwenye chupa. Alinilisha, akanipangusa mdomo, akaniwekea soksi, na hakuniambia chochote kisichohusu uji au soksi. Miaka thelathini ya ndoa, na sikuwahi kusikia kimya kama hicho. Kilinilemea kuliko kifua.

Kwenye kitanda cha pili, karibu na dirisha, alikuwa mzee wa Moiben, mkulima wa mahindi na ng'ombe wa maziwa. Jina lake Mzee Kiprono. Naye alikuwa na mirija puani. Tulitazamana siku hizo nne kama watu wawili wanaopita upande huu na huu wa mto. Siku ya tano Abdi alikuja saa ya kuona wagonjwa, akasimama miguuni pa kitanda changu, akasema kwa sauti yake ya barabarani, "MC! Wewe MC, umetuogopesha sana!"

Mzee Kiprono akageuza kichwa polepole.

"MC?" akasema. "Ni wewe MC wa ile harusi ya Pioneer? Ya Aprili?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Nilidhani anataka kunisifu.

"Bibi harusi ni mtoto wa ndugu yangu," akasema. Alipumzika, akavuta hewa. "Mimi nina shida ya moyo. Jumatatu baada ya ile harusi, binti yangu alikuwa amepanga kunileta mjini nidungwe hiyo sindano. Nikamwambia, wacha bwana, hata MC mwenye sukari amekataa." Akavuta hewa tena, kisha nikaona mabega yake yanatikisika. Alikuwa anacheka. "MC, naona homa haikusikia ile stori yako."

Abdi aliangalia sakafu. Mimi nililia. Sikulia kwa uchungu wa mwili, kwa sababu huo nilikuwa nimeuzoea. Nililia kwa sababu nilikuwa nikijiambia siku hizo zote kwamba kama nimekosea, nimejikosea mwenyewe tu. Sasa kosa langu lilikuwa limelala kitanda cha pili, lina mvi, na lina binti anayekuja na chupa ya maziwa.

"Usilie," Mzee akaniambia. "Utamaliza oksijeni, na tuko wengi hapa." Halafu akaongeza, kwa upole, "Hakuna mtu alinifunga kamba. Nilitaka mtu aniambie nisiende, na wewe ukaniambia. Tulikosea pamoja."

Tukawa marafiki. Yeye aliongea na mimi niliinua vidole. Alinieleza kuhusu ng'ombe wake mmoja, mweusi, ambaye hakubali kukamuliwa na mtu mwingine, na alikuwa na wasiwasi kwamba maziwa yatakauka.

Siku ya nane asubuhi Mzee hakuamka vizuri. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Wauguzi walikuja wawili, kisha wanne, wakamhamishia kwenye machela, wakaisukuma nje ya wodi na magurudumu yakalia kwenye sakafu mpaka kona. Pale dirishani kikabaki kitanda kitupu na ndala zake.

Niliuliza. Waliniambia yuko kwenye chumba cha uangalizi wa karibu. Saa sita Nyambura alipokuja na uji nilimshika mkono kabla hajafungua chupa. Sauti yangu ilikuwa imeanza kurudi, nyembamba kama ya mtoto wa mbuzi.

"Nyambura, nilikosea."

"Umesema nini? Sikusikia."

"Nilikosea. Niliogopa sindano. Ile ya kusema siamini ilikuwa uongo. Niliogopa tu."

Aliweka chupa chini. "Kwa maiki unasemanga kwa nguvu mbele ya watu mia tatu," akasema, "na hii unaninong'oneza?"

Nikavuta hewa yote niliyokuwa nayo. "NILIKOSEA!" Ilitoka kama filimbi iliyopasuka. Wodi nzima ikageuka. Mgonjwa mmoja wa mbali akasema, "Amesikia, mzee, amesikia!"

Nyambura alianza kucheka na machozi yakamtoka wakati huo huo, akaficha uso kwenye leso. Alipofunua uso akaniambia kwamba ile siku ya lori alikuwa ameshaanza kufikiria atamwambiaje Ciku, mtoto wetu wa kwanza, ambaye yuko mbali. Akaniambia hakunyamaza kwa sababu ya hasira peke yake. "Nilijua nikifungua mdomo nitalia, na wewe hukuwa na nguvu ya kuniona nikilia." Kisha akafungua chupa. "Kunywa uji, Baba Ciku."

Baba Ciku! Niliumaliza uji wote.

Siku tatu kitanda cha dirishani kilikaa kitupu. Nilimkataza mtu wa usafi kuondoa zile ndala. Siku ya nne, mchana, nilisikia magurudumu yanalia kutoka kwenye kona. Sikuthubutu kuinua kichwa. Kisha nikasikia sauti, ya kukwaruza lakini ya kudai haki yake.

"Nani amekalia kitanda changu?"

Hakuna aliyekuwa amekikalia. Ni mimi tu niliyekuwa nimeweka koti langu hapo. Mzee Kiprono alikuwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu, amekonda, na blanketi begani kama chifu. Niliinuka kitandani kwa mara ya kwanza bila kushikwa. Nilitembea hatua sita mpaka kwake na mirija yangu mkononi, nikampa mkono. Wodi ikapiga makofi. Katika maisha yangu nimeomba watu wapige makofi mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na hayo ndiyo makofi pekee ambayo sikuyaomba.

Nilirudi nyumbani Munyaka katikati ya Agosti. Suruali zangu zote zilikuwa za mtu mwingine, mtu mnene. Abdi alitoboa mshipi wangu matundu mawili mapya kwa msumari. Sukari ilikuwa imekataa kushuka kwa vidonge, kwa hivyo daktari aliniweka kwenye insulini kwa muda. Mtu aliyekataa kudungwa mara moja kwa mwaka sasa alikuwa anadungwa kila siku. Nyambura ndiye aliyenidunga tumboni, akiimba nyimbo za kanisa ili nisiangalie. Kufika ubeti wa pili alikuwa ameshamaliza. Nilikuwa nimeogopa kitu kinachoisha kabla ya kiitikio.

Septemba nilitembea mpaka getini na kupumzika mara tatu. Mwisho wa mwezi nikapumzika mara moja. Kwenye mti mkubwa wa jirani niliweka lengo langu la Oktoba, nikaufikia tarehe ishirini, nikampigia Abdi simu kumwambia kama mtu aliyeshinda mbio. Kazi zangu za miezi hiyo zilifanywa na kijana mmoja wa Pioneer. Nilisikia kwamba ni mzuri, jambo lililoniuma kidogo. Abdi alinitetea: "Ni mzuri, lakini anaongea Sheng mpaka wakwe wanaomba mkalimani."

Novemba, wakati wa kuvuna, tulikwenda Moiben kumwona Mzee Kiprono. Tulimkuta nje, ameketi karibu na mahindi yaliyoanikwa, akifukuza kuku kwa fimbo. Yule ng'ombe mweusi alikuwa amekubali kukamuliwa na binti yake baada ya siku mbili za vita. Walituletea mursik, maziwa yao ya mgando, kwenye kibuyu, na Nyambura akanitazama mpaka nikapunguza kikombe. Mzee ndiye aliyeanzisha habari ya sindano.

"Aprili ikifika," akasema, "mimi na wewe tutaenda pamoja. Na wewe utaanza, kwa sababu wewe ndiye ulianza kukataa."

Desemba nilirudi kazini, nimeketi kwenye kiti kirefu kwa sababu miguu haikuweza siku nzima. Katika harusi ya kwanza kabisa niliomba dakika mbili kabla ya keki. Niliwaambia watu kwamba mwaka huo nilikuwa nimetania kuhusu sindano ya homa, na kwamba mimi na mtu mwingine tulilazwa. Hawakucheka, na sikutaka wacheke. Baadaye mama mmoja mwenye pumu alinifuata nyuma ya hema kuniuliza inapatikana wapi. Nilimwambia aulize kwanza kwa simu, kwa sababu si kila kliniki huwa nayo, na mahali pengine huisha mapema.

Sasa Aprili. Tulikuwa watu watano kwenye benchi: mimi, Nyambura, Mzee Kiprono, binti yake, na Abdi, ambaye alisema amekuja kuendesha gari tu. Sista Chebet alitukagua kwa macho, akacheka.

"MC, leo umeleta harusi?"

Nilikuwa na maswali, na niliyauliza yote kwa sauti ili benchi nzima isikie. Nikamuuliza kama sindano inaweza kuniletea homa yenyewe.

"Hii yetu haina kirusi kilicho hai," akasema. "Haiwezi kukupa homa. Mkono utauma, na pengine mwili uwe mzito siku moja au mbili. Huo ni mwili unajifunza."

"Na jirani yangu aliyekohoa?"

"Kinga inachukua kama wiki mbili kujikusanya. Mtu anaweza kuwa ameshaipata homa kabla ya kudungwa, ama aipate katika hizo wiki mbili. Halafu kuna mafua mengine mengi, hiyo sindano haiyajui."

Mzee Kiprono akauliza kwa nini kila mwaka, kwani mwili unasahau? Sista akamwambia kwamba kinga hupungua, na kirusi nacho hubadilika, kwa hivyo chanjo hutengenezwa upya. Kisha akatuuliza yeye, mmoja mmoja: Una joto leo? Uliwahi kudungwa chanjo ukavimba uso ama ukashindwa kupumua? Unatumia dawa gani? Akasema mwenye joto kali angoje apone kwanza, na mwenye historia ya mzio aseme mapema, asifiche. Na akatuambia ukweli ambao nilimheshimu kwa ajili yake: "Siwaahidi hamtaugua. Nawaambia kwamba mkiugua, kuna nafasi kubwa zaidi msifike kule mlikofika."

Nikaanza mimi. Nyambura alianza kuimba polepole pembeni yangu. Hakufika hata ubeti wa pili.

"Tayari," akasema Sista.

"Tayari nini?"

"Nimemaliza, MC."

Mzee Kiprono alifuata, akiwa ametazama mbele kama mwanajeshi. Kisha binti yake, kisha Nyambura. Sista akamgeukia Abdi. "Na wewe dereva? Si sasa hivi umeniambia una pumu?" Abdi alikuwa ameshafika mlangoni. Mzee alimwita kwa sauti moja tu, "Kijana!", na mtu wa miaka arobaini na nane akarudi akikunja shati.

Tuliambiwa tukae dakika thelathini kabla ya kuondoka, ili kama mwili wa mtu utakataa, uonekane tukiwa hapo. Hakuna mwili uliokataa. Tulikula ndizi za binti wa Mzee na tukaongea mpaka Sista akatuomba tupunguze sauti. Usiku ulipita vizuri, na kesho yake mkono wangu wa kushoto haukupanda juu ya bega. Mzee alinipigia saa mbili asubuhi kuniambia kwamba amemkamua yule mweusi kwa mkono mmoja na kwamba ng'ombe amekasirika. Siku ya tatu sote tulikuwa sawa.

Nilidhani nimemaliza hadithi hapo, lakini Agosti hii baridi ikanikuta tena. Niliamka Jumanne na koo linawasha, mwili wa joto, kichwa kizito. Sijui ilikuwa homa yenyewe ama ni mafua ya kawaida, na hakuna aliyenipima kirusi. Najua tu kwamba nilipokohoa mara ya kwanza, Nyambura aliacha sufuria jikoni akaja akasimama mlangoni, na uso wake ulikuwa ule wa siku ya lori. Tulikuwa tumeambiwa tusingoje, kwa hivyo tulienda kliniki asubuhi ile ile. Walinibana kidole, wakasikiliza kifua, wakapima sukari. Kifua kilikuwa safi. Wakatuambia turudi nyumbani, nipumzike, ninywe maji, na nirudi mbio pumzi ikibadilika.

Haikubadilika. Jumatano nililala mchana kutwa. Alhamisi niliomba supu. Ijumaa asubuhi niliamka na jua limeingia mpaka miguuni pa kitanda. Nikavuta hewa ndani, ikaingia yote, ikatoka yote. Nikabaki nimelala pale nikivuta na kutoa, nikicheka peke yangu kama mtu aliyepewa zawadi. Nilikuwa nimeugua ugonjwa mdogo, wa siku tatu, nyumbani kwangu, kama watu wote.

Nyambura aliingia na kikombe cha chai, akaniona.

"Unacheka nini?"

"Nimepona."

Aliniwekea mgongo wa mkono kwenye paji la uso, akauacha hapo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akavuta blanketi lote mara moja, akaliweka begani.

"Basi amka," akasema, "nifue hizi shuka."